Mwiko na Kalamu: Historia ya Masomo ya Ujenzi katika Shule za Sekondari na Wajibu wa Kanisa

Utangulizi

Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini Tanzania zimeanza kufuata mkondo wa amali, uliowekwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, sambamba na mkondo wa jumla. Miongoni mwa fani zilizomo katika mkondo huo ni zile za ujenzi, kama vile uashi, useremala na ufundi bomba. Kanisa letu, ambalo linamiliki shule nyingi za sekondari, haliwezi kulikwepa swali linalofuata: ni mwanafunzi yupi atakayepelekwa katika mkondo huo, na kwa sababu gani?

Katika vikao vya walimu na wazazi jibu hutolewa upesi. Apelekwe yule ambaye hesabu zimemshinda, ambaye Kiingereza kimemkataa, ambaye hana matumaini ya Kidato cha Tano. Mwenye akili na asome vitabu. Asiye nazo na ashike mwiko. Jibu hili husemwa kwa nia njema, na wanaolisema hudhani kwamba wanamsaidia kijana. Hata hivyo, katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba si jibu jipya. Limekwisha kujaribiwa Ulaya, Marekani na hapa kwetu, na kila lilipojaribiwa liliharibu ufundi wenyewe pamoja na elimu. Historia inatufundisha kwamba somo la ujenzi hustawi pale linapofundishwa pamoja na kitabu, na hunyauka pale linapotolewa badala ya kitabu. Hiyo ndiyo hoja yetu, nasi tutaifuata tangu chimbuko lake katika urithi wa Matengenezo hadi katika shule zetu za leo.

1. Urithi wa Matengenezo

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo. Wakati ule shule nyingi za watawa zilikuwa zimefungwa, na wazazi walikuwa wakiuliza: ikiwa mtoto hatakuwa padre wala mtawa, kusoma kwamfaa nini? Luther aliwajibu kwamba hata kama pasingalikuwa na mbingu wala jehanamu, shule zingalihitajika kwa ajili ya utawala mwema na nyumba njema. Tena, akijua kwamba wazazi waliwahitaji watoto wao kazini, alipendekeza mpango mwepesi. Mvulana aende shuleni saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki ajifunze kazi ya mikono nyumbani. Msichana naye apate saa yake ya kusoma.

Yafaa kuutazama mpango huo kwa makini. Luther hakuwagawa watoto katika makundi mawili, la wasomi na la mafundi. Mtoto yule yule alipaswa kushika kitabu asubuhi na randa mchana. Jambo hili lilitokana na mafundisho yake juu ya wito. Ikiwa kazi ya mwashi ni wito mtakatifu sawa na kazi ya mhubiri, basi mwashi anastahili kusoma, na msomi hana sababu ya kuidharau kazi ya mwashi.

Wazo hilo lilichukua muda mrefu kupata umbo la shule kamili. Mwaka 1747 Johann Julius Hecker, mchungaji wa Berlin aliyelelewa katika uchaji wa Halle, alifungua shule iliyofundisha hesabu, jiometri, ufundi wa mitambo, usanifu wa majengo na uchoraji, pamoja na dini. Shule zilizofuata mfano huo, ziitwazo Realschule, zilienea Ujerumani yote. Mwaka 1866 nchi ya Finland ilikuwa ya kwanza kuyafanya masomo ya kazi za mikono kuwa sehemu ya lazima katika shule za watu wote. Mwenye mawazo hayo alikuwa Uno Cygnaeus, mchungaji wa Kilutheri, ambaye tangu mwaka 1863 alikuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Jyväskylä. Cygnaeus alisisitiza kwamba shabaha yake haikuwa kuwatengeneza maseremala. Alitaka kumlea mtu mzima kwa kulizoeza jicho kupima, mkono kutii na akili kupanga. Kwa hiyo aliagiza kwamba somo hilo lifundishwe na mwalimu wa shule mwenyewe, si na fundi aliyeletwa kutoka nje, ili mtoto asidhani kwamba kazi ya mikono ni jambo la pembeni.

2. Pwani na vituo vya misheni

Ni kosa kudhani kwamba elimu ya ujenzi ililetwa Afrika Mashariki na wageni kutoka Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 14 mafundi wa Kilwa walikuwa wakijenga jumba la Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa katika matanuri. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Fundi alipaswa kuujua mti, jiwe, chokaa na uzito, na maarifa hayo yalipitishwa kwa mwanagenzi aliyekaa na fundi wake kwa miaka. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba mtoto aliyekulia penye kazi hakosi sehemu yake katika kazi ile, hata kama bado hajafikia kushika nyundo.

Misheni za karne ya 19 zilipofika ziliukuta utaratibu huo, na kwa namna fulani ziliuendeleza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, na humo watoto waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kusoma pamoja na uashi na useremala. Huko Unguja, Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu lao mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, na Askofu Edward Steere aliusimamia ujenzi wake hadi paa la zege ya matumbawe lilipokamilika.

Wamisionari wa Kilutheri na wenzao wa Moravian walipoingia bara walikuta hali ngumu zaidi. Usambara na Nyanda za Juu za Kusini zilifikiwa mwaka 1891. Kilimanjaro ilifikiwa na Misheni ya Leipzig mwaka 1893. Hapakuwa na makandarasi wala duka la vifaa. Kanisa, shule, zahanati na nyumba ya mwalimu vilipaswa kujengwa kwa udongo, mawe na miti ya mahali pale pale, na wajenzi walikuwa wenyeji waliokuja kujifunza. Hivyo ujenzi wa kituo wenyewe ukawa darasa. Vijana walijifunza kufyatua na kuchoma matofali, kupasua mbao, kuunga kenchi na kusimamisha ukuta kwa timazi, wakati huo huo wakijifunza kusoma Injili na Katekisimu. Serikali ya Kijerumani nayo ilifanya vivyo hivyo katika shule yake ya Tanga, ambamo masomo ya darasani yalikwenda pamoja na karakana na kiwanda cha uchapaji.

Hatudai kwamba mambo yote yalikuwa mema. Kazi nyingine iliyoitwa mafunzo ilikuwa ni nguvukazi ya bure tu, na wamisionari wengine waliamini kwamba Mwafrika anafaa zaidi kwa kazi za mikono kuliko kwa mawazo. Lakini katika vituo vile jambo moja lilionekana wazi. Yule aliyejua kujenga na yule aliyejua kusoma mara nyingi alikuwa mtu mmoja, na jamii ilimheshimu kwa yote mawili.

3. Ufundi kama elimu ya mtu wa chini

Mgawanyiko ulizidi kuonekana katika karne ya 20, na chanzo chake kimoja kilikuwa mbali, kusini mwa Marekani. Huko Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alianzisha shule ya Tuskegee mwaka 1881. Wanafunzi wake walijenga madarasa yao kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe. Washington alisimulia kwamba matanuri matatu ya kwanza yaliharibika, akaweka saa yake rehani ili apate fedha za kujaribu mara ya nne, na safari hiyo matofali yakaiva. Watu wa jirani, Weupe kwa Weusi, wakaja kuyanunua. Hadithi hiyo yastahili kukumbukwa, kwa maana inaonyesha jinsi kazi iliyo bora inavyomletea mwenye nayo heshima ambayo maneno matupu hayawezi kuileta.

Lakini mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, msomi mwingine Mweusi, alitoa onyo katika kitabu chake The Souls of Black Folk. Alikubali kwamba mafunzo ya kazi ni mema, ila aliona kwamba watawala walikuwa wakiyapenda kwa sababu mbaya. Yaliwafaa kama kisingizio cha kuwanyima watu Weusi vyuo vikuu, kura na uongozi. Mtu akifundishwa kujenga nyumba pasipo kufundishwa kuuliza nyumba ni ya nani, amefundishwa kuwa mtumishi.

Onyo hilo lilitimia katika makoloni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones, aliyekuwa amefundisha Hampton, shule aliyosoma Washington. Pamoja naye alikuwapo James Aggrey wa Gold Coast, ambaye hotuba zake ziliwatia moyo Waafrika wengi. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika iambatane na mazingira yake: kilimo, afya, ufundi na maisha ya kijijini. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa sera ya elimu katika makoloni yake ya Afrika wenye mwelekeo unaokaribiana na huo.

Kwa maneno, ushauri huo ulikuwa na hekima. Kwa vitendo, wazazi wa Tanganyika walitazama mishahara. Karani alilipwa vizuri, alivaa viatu na alisikilizwa na bwana shauri. Kazi za ufundi za malipo mazuri mijini zilishikwa zaidi na mafundi wa Kiasia, na seremala Mwafrika alilipwa ujira mdogo hata kama kazi yake ilikuwa safi. Kwa hiyo, mkoloni aliposema kwamba ufundi ndio unaowafaa Waafrika, huku watoto wake mwenyewe wakisoma Kilatini, wazazi walielewa maana yake. Walikataa kufungiwa mlango. Tungekosea sana kama tungeuita msimamo wao uvivu au dharau kwa kazi ya mikono, maana watu hao hao walilima, walichimba mifereji na walijijengea nyumba zao kila siku.

4. Ifunda, Moshi na miaka ya Kujitegemea

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika iliona uhaba wa mafundi. Mwaka 1951 ilifungua shule ya ufundi Ifunda, karibu na Iringa, na mwaka 1957 nyingine ikafunguliwa Moshi. Vijana waliotoka katika shule hizo walikuwa waashi, maseremala, mafundi bomba na mafundi wa mitambo. Mwaka huo huo wa 1957 chuo cha ufundi kilianza Dar es Salaam, ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam.

Jambo linalotuhusu zaidi lilitokea baada ya uhuru. Katika miaka ya 1960 Ifunda na Moshi zilibadilishwa kutoka shule za ufundi tu na kuwa shule za sekondari za ufundi. Mwanafunzi alisoma hesabu, fizikia, kemia na lugha kama wenzake wa shule nyingine, na juu ya hayo alisoma fani ya ufundi na uchoraji wake. Baadaye shule za Tanga, Iyunga, Bwiru, Musoma na Mtwara nazo zilijulikana kwa njia hiyo. Shule hizi hazikuwa kapu la walioshindwa. Kijana aliweza kutoka karakana akaenda kazini, au chuo cha ufundi, au Kidato cha Tano na hatimaye Kitivo cha Uhandisi. Mlango haukufungwa upande wowote, na kwa sababu hiyo ufundi haukuwa aibu.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Aliikosoa elimu iliyorithiwa kwa kuwa iliwatenga wachache na jamii yao na kuwafanya waone kwamba maarifa hupatikana vitabuni tu. Alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi na kujifunza kutokana na kazi hiyo. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliendeleza shabaha hiyo, na shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu.

Ni vigumu kupata katika Afrika ya wakati ule fikra iliyo karibu zaidi na Luther wa mwaka 1524 kuliko hii. Hata hivyo utekelezaji ulipungukiwa na mambo mawili. Kwanza, shule nyingi zilipewa jina la mchepuo pasipo kupewa karakana, zana na walimu wa kutosha. Misumeno ilikatika meno, saruji haikufika, na somo la vitendo likageuka kuwa somo la kunakili ubaoni. Pili, kazi ilianza kutumika kama adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipelekwa kuchimba shimo au kubeba matofali, na mwenye bidii darasani alisamehewa. Hapo shule ilikuwa ikifundisha, bila kutamka, kinyume kabisa cha yale yaliyoandikwa mwaka 1967. Aidha, wavulana walielekezwa zaidi kwenye ufundi na wasichana kwenye sayansi kimu, kana kwamba wanawake hawakai katika nyumba zinazojengwa.

5. Hukumu ya wachumi

Wapinzani wa masomo ya ufundi katika sekondari hawakukosa hoja, nasi yatupasa kuzipima kwa haki. Mwaka 1965 Philip Foster, aliyechunguza elimu nchini Ghana, aliandika kwamba kudhani mtaala wa ufundi utabadili matarajio ya vijana ni udanganyifu. Kwa maoni yake vijana walichagua masomo ya ofisini kwa akili timamu, kwa sababu uchumi uliwalipa watu wa ofisini. Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walichapisha, kwa niaba ya Benki ya Dunia, uchunguzi wao juu ya Colombia na Tanzania. Waliona kwamba waliosoma michepuo hawakupata kazi upesi zaidi wala mishahara mikubwa zaidi ya wenzao mara baada ya kumaliza, ilhali mchepuo wa ufundi uligharimu zaidi. Matokeo hayo yalisikilizwa sana. Katika miaka iliyofuata fedha za wafadhili zilielekezwa kwingine, na masomo ya ufundi yakafifia katika shule nyingi. Mwaka 1994 sheria iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na wengi wakaona kwamba ufundi umepata nyumba yake nje ya sekondari. Nchini Kenya nako, masomo ya ufundi yaliyoingizwa kwa nguvu katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 yalipunguzwa mwaka 2002, baada ya wazazi kulemewa na gharama za karakana na vifaa.

Hoja ya Foster ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Shule peke yake haiwezi kuinua heshima ya mwashi ikiwa jamii inamlipa kwa dharau. Hoja ya gharama nayo ni ya kweli: karakana bila vifaa ni bora isijengwe. Lakini uchunguzi wa mwaka 1985 ulipima ajira na mshahara wa muda mfupi. Haukuuliza kama mhitimu, baada ya miaka 20, alijua kuikagua nyumba anayojengewa, wala kama aliyekuwa mwalimu au mchungaji aliweza kusimamia ujenzi wa shule ya kijiji. Tukipima somo la fasihi kwa mshahara wa mwaka wa kwanza, nalo litaonekana hasara. Kosa lilikuwa kuliuliza somo la ujenzi swali moja tu.

6. Somo la ujenzi linafundisha nini?

Tuseme wazi, basi, ni nini kinachopatikana katika somo hili hata kwa yule ambaye hatakuwa fundi.

Kwanza, ni hesabu iliyopata mwili. Fundi anapotaka kujua kama pembe ya msingi imekaa sawa, hupima kwa kamba futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Ikiwa mshazari ni futi 5 kamili, pembe ni ya nyuzi 90. Mafundi wengi huijua kanuni hii bila kulijua jina la Pythagoras, na wanafunzi wengi hulijua jina la Pythagoras bila kujua kwamba anasimamisha nyumba. Somo la ujenzi huwakutanisha. Vivyo hivyo, kukadiria matofali ya ukuta ni somo la eneo, na kukadiria zege ya msingi ni somo la ujazo. Kwa sababu hiyo, kumpeleka mtu katika ujenzi kwa kuwa hesabu zimemshinda ni sawa na kumpeleka mtu baharini kwa kuwa anaogopa maji.

Pili, ni somo la saburi na kweli. Zege haikauki tu kama nguo. Hukomaa, tena kwa maji. Yapaswa kumwagiliwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Maji yakizidi wakati wa kuchanganya, hulainika na kuwa rahisi kumiminwa, lakini nguvu yake hupungua. Mchanga wa pwani wenye chumvi huzifanya nondo zipate kutu ndani ya nguzo. Hakuna hata moja kati ya makosa haya linaloonekana ukuta ukishapigwa lipu. Timazi haidanganyiki, bali lipu huficha. Kijana aliyefanya kazi hii kwa mikono yake amejifunza kwamba kuna uaminifu ambao hakuna atakayemsifu kwa ajili yake, na kwamba uhai wa watu hutegemea uaminifu huo. Katika Kitabu cha Amosi, Bwana aliposimama penye ukuta alishika timazi mkononi. Wanafunzi wetu wa theolojia wangelielewa andiko hilo vema zaidi kama wangewahi kushika timazi wenyewe.

Tatu, ni somo la uraia. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba darasa la uashi lingalizuia misiba hiyo. Kuna sheria, kuna usimamizi, kuna tamaa ya fedha. Tunasema hivi: katika nchi ambayo karibu kila familia hujijengea nyumba yake, tofali kwa tofali na mwaka kwa mwaka, ni hatari kuwa na wasomi wasioweza kutambua nguzo mbovu na mafundi wasioweza kusoma mchoro. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili ufa uzibwe, sharti awepo anayejua kuutambua.

Hitimisho: Wajibu wa Kanisa

Kutokana na historia hii twaweza kutoa mashauri machache kwa shule zetu.

La kwanza, mwanafunzi asichaguliwe kwa mkondo wa amali kwa sababu ya kushindwa. Achaguliwe kwa kipawa na hiari, na mwenye alama nzuri asizuiwe. Shule inayopeleka humo wanafunzi wake dhaifu tu itakuwa imekwisha kutangaza hukumu yake juu ya kazi ya mikono, hata kama itahubiri kinyume kanisani. La pili, mlango wa elimu ya juu uachwe wazi, kama ulivyokuwa wazi Ifunda na Moshi, na masomo ya hesabu, sayansi na lugha yafundishwe kwa uzito ule ule. La tatu, mkondo usifunguliwe pasipo karakana, zana na mwalimu. Ni afadhali dayosisi moja iwe na shule moja iliyo kamili kuliko kuwa na shule tano zenye kibao mlangoni na msumeno mmoja ndani. La nne, kazi ya mikono isitumike tena kuwa adhabu. La tano, wasichana wapokewe katika fani za ujenzi bila masharti.

Kwa vyuo vyetu vya theolojia tuna neno pia. Mchungaji anapopewa usharika, mara nyingi hukabidhiwa msingi ulioanzwa na mtangulizi wake, rundo la matofali na sanduku la michango ya wajane. Miaka yake mingi itapita katika ujenzi wa kanisa, nyumba ya mwinjilisti na madarasa. Ikiwa hajui kukadiria wala kukagua, sadaka za watu maskini zitapotea mikononi mwake bila yeye kuiba hata senti moja. Muhula mmoja wa masomo ya ujenzi na usimamizi wake haungekuwa mzigo usiostahili katika mtaala wetu.

Katika Kitabu cha Kutoka tunasoma kwamba Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya ustadi, ya dhahabu, ya mawe na ya miti. Maandiko yanaongeza jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: yeye na Oholiabu walitiwa moyoni pia uwezo wa kufundisha. Kipawa cha ujenzi kilitolewa kikiwa tayari na darasa ndani yake. Mkondo wa amali umekwisha kuanza, na katika miaka hii michache shule zetu zitaamua ni nani atakayekaa katika darasa hilo na kwa heshima gani. Uamuzi huo umo mikononi mwa wakuu wa shule, bodi na halmashauri za dayosisi zetu, na historia tuliyoieleza yatosha kuwaonyesha njia.